Fulana tumepata, mikoko je?

Jumamosi nilirudi nyumbani na tope hadi magotini, fulana mpya ya kijani na hasira. Tulienda kupanda mikoko, nje kidogo ya mji wa Lindi. Spika mbili, mgeni rasmi aliyechelewa mpaka maji yakaanza kurudi, na picha nyingi kuliko miche.

Mama mmoja anayechokoa chaza pale miaka yote alisimama pembeni na ndoo yake. "Shikamoo mama, hupandi?" "Marahaba mwanangu. Hapo mnapochomeka hapajawahi kuota kitu. Mwaka juzi walichomeka hapohapo." Nikacheka. Nikaendelea kuchomeka.

Kila mti wa mikoko una mahali pake, na watu wa pwani tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mlilana hukaa mbele, uso kwa uso na bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, ile aina yenye mizizi ya magongo, halafu msinzi na mkandaa, na mchu unaupata hata huku juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Sisi tulishuka chini kabisa, kwenye tope ambalo maji hayalipi nafasi ya kupumua, tukachomeka mkoko mtupu. Kwa nini mkoko? Mbegu yake ni ndefu, rahisi kushika, inapendeza pichani. Tena tulikanyaga nyasi za bahari wanakolisha samaki aina ya tasi. Hongera zetu.

Kinachoniuma zaidi kiko hatua chache kutoka pale: majaruba ya chumvi yaliyotelekezwa. Hapo ndipo palipokuwa na msitu. Miti ilikatwa, matuta yakainuliwa, chumvi ikavunwa, mwenyewe akaondoka. Ardhi imebaki nyeupe na ngumu, kwa sababu maji hayaingii wala hayatoki, jua linachoma na chumvi inazidi kujilimbikiza. Hapo ungeweka miche elfu, ingekufa elfu. Toboeni tuta! Zibueni mikondo ya zamani, maji yajae na kupwa kama zamani, mkae pembeni mtazame. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini. Ikidondoka inaelea mpaka ipate pa kushika. Miti mama bado ipo jirani. Kitalu cha nini? Lakini tuta lililotobolewa halina utepe wa kukata, na mgeni rasmi hashiki jembe.

Haya, nakubali, watoto wa shule waliokuja wameijua mikoko kwa mikono yao, hilo si dogo. Na simwambii mvuja jasho wa chumvi afunge jaruba linalomlisha. Nasema yale yaliyokufa. Najua pia mikoko ya Bara ni hifadhi ya serikali na huendi tu na sululu, lazima TFS, wakala wa misitu wa serikali, waseme neno. Basi waliseme hilo neno, tumechoka na spika. Wakata boriti za mikoko nitawarudia siku nyingine, leo sina nguvu. Ndugu zangu wa Msimbati kule Mtwara, nyie mna hifadhi ya bahari tangu 2000, hebu niambieni kwenu wanafanyaje.

Jumatano nilipita tena. Mbegu zetu nyingi zimeng'oka. Maji yamezibeba hadi kwenye lile tuta la jaruba, zimerundikana kwa nje.