Toba ya Jumla, Dhambi za Rejareja

Jumamosi nilikuwa na haraka, mvua ya Kampala imeshatanda, na mama ninayenunua kwake maharage pale soko la Nakawa akachagua saa ileile kutubu. Watu wako foleni. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, wiki iliyopita alinipimia pungufu huku anajua, na amekosa amani tangu hapo. Akanirudishia shilingi 2,000 za huku, akaongeza na maharage juu. Wa nyuma yangu hawakushangaa hata kidogo. Mmoja alinihimiza nipokee tusonge.

Nilikereka, sifichi. Hela yenyewe haifiki hata 2,000 yetu ya Tanzania. Lakini njiani nikajiuliza: kule nyumbani, ni lini mpendwa yeyote alinirudishia kitu?

Maana kutubu tunatubu jamani. Mkesha mzima, kwikwi, leso zimelowa, "tusamehe Bwana kwa kuwaza, kwa kunena na kwa kutenda". Jumatatu mweka hazina wa kamati ya harusi hapatikani kwa simu. Fundi aliyeokoka anakwambia "kesho" kwa jina la Yesu mwezi wa pili huu. Daladala imeandikwa YESU ANARUDI kioo kizima, na konda wake amekula chenji yako. Tunajumlisha dhambi zote kwenye sala moja, hakuna anayeitaja yake.

Najua mmeshaanza. "Kavuka mpaka wa Mutukula tu, tayari anatuona washenzi." Nani kasema? Wezi huku wapo tele, simu yangu ya kwanza iliondokea kwenye stendi ya teksi mchana kweupe. Wauza maji ya upako wapo, na spika zao hazilali. Ofisini faili linahitaji kusukumwa vilevile. Mimi nazungumzia balokole, wale waliookoka wa kizamani, watu wa ushirika wa kila wiki.

Na hao si wageni kwetu. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, hapahapa Namirembe. Miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukarudi Uganda, ukaingia kwetu kupitia Kagera. Festo Kivengere, kabla hajawa askofu, alikuwa mwalimu Dodoma miaka ya 1940. Waulize bibi zenu: enzi zile mtu akiokoka alirudisha jembe la jirani, akaenda kwa bosi wake kusema alichoiba. Miaka ya 1970 kundi moja la balokole huku lilifika mahali pa kukataza hata kukopa. Hapo walizidisha, lakini hebu fikiria VIKOBA vyetu, vikundi vya kuweka na kukopa, vingesalimika vipi.

Wana maudhi yao pia. Kuna dada alisimama ushirikani akaungama kwamba alinichukia kwa sababu ya viatu vyangu. Nilikuwa sijui! Nikasema nimemsamehe, na viatu vile sijavivaa tena siku ya ushirika.

Atatokea mwingine: "Toba ni siri ya mtu na Mungu wake." Haya, basi fungua Hesabu 5:7, usome mtu aungame, alipe deni lote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo hakuishia kulia, alitaja kurudisha mara nne, tena mbele ya watu. Na Mathayo 5 inakutaka uache sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Kwetu mtu akiacha sadaka madhabahuni akatoka, tutasema amerudi nyuma.

Kuwa tayari kwa kuja kwa Bwana tumekufanya jambo la parapanda na mkesha wa mwaka mpya. Yule mama yeye anataka tu Bwana akija Jumanne saa nne asubuhi, aikute mizani imekaa sawa. Na Luka 16:10 imeshasema juu ya mwaminifu katika lililo dogo, kwa hiyo msiniambie 2,000 ni kitu kidogo.

Mzee mmoja wa kanisa letu kaniandikia kwamba ugenini nimepoa, nirudi nihuishwe. Nitarudi Desemba, Mungu akipenda. Ila amplifaya ya kwaya iliyoazimwa kwa ajili ya msiba bado iko sebuleni kwa mtu, na mtu huyohuyo ndiye anayetuongoza sala ya toba kila Jumapili. Mzee aanze kuhuisha hapo, nyumba anaijua.