Kujiua huku Iringa: sio laana, ila sio kinga ya mwili peke yake pia

Huku Iringa mtu akijiua maelezo huwa yapo tayari hata kabla ya mazishi, utasikia Wahehe ndo walivyo, ukoo una laana, wengine wanamtaja mpaka Mkwawa aliyejipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimkamate, sasa vita vile vinamhusu nini kijana wa Mafinga wa leo? Inaniuma sana, maana hayo yakishasemwa hakuna tena anayeuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Ndo maana wanaosema sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, na hata kujiua huenda vinachangiwa na kinga ya mwili, nawasikiliza. Ukiwa na homa kali si unajua, hutaki kula, hutaki watu, unataka ulale tu, kinachofanya hivyo ni zile kemikali za kinga zinaitwa saitokaini, habari zake zinafika mpaka kwenye ubongo. Halafu wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wanachomwa interferoni, ambayo ni saitokaini yenyewe, wengi waliingia kwenye sonona, na wamo ambao hawakuwahi kuwa nayo kabla. Hapo kubisha ni kazi. Denmark nao walifuatilia watu zaidi ya milioni 7, kuanzia 1980 hadi 2011, waliowahi kulazwa kwa maambukizi hatari yao ya kufa kwa kujiua ilikuwa juu kwa asilimia 42.

Lakini mtu aliyelazwa huenda pia kapoteza kazi, ana maumivu, anadaiwa, kwahiyo namba hiyo peke yake haithibitishi kwamba kinga ndo chanzo. Na 2013 Marekani walijaribu infliksimabu, dawa ya kutuliza kinga, kwa watu 60 wenye sonona sugu, kwa ujumla haikuizidi dawa bandia, yaani ile ya kulinganishia isiyo na dawa ndani, dalili ya nafuu ilionekana kwa wale ambao kipimo chao cha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kinga imechangamka, kilikuwa juu toka mwanzo. Yaani kuna sonona inayohusiana na kinga na kuna isiyohusiana kabisa. Mjane wa Mufindi aliyenyang'anywa shamba la miti na mashemeji ukimwambia habari za saitokaini hujamsaidia kitu, anataka shamba lake.

Mi naona pa kuanzia ni kliniki. Utafiti wa 2022-23 ulikuta VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, na VVU hata ukimeza dawa vizuri kinga inaweza kubaki imechangamka miaka. Sasa kliniki nilizoziona mimi unapimwa uzito, unaulizwa kikohozi, vidonge vimebaki vingapi, unapewa tarehe, umemaliza. Usingizi haulizwi mtu, wala kama amewahi kuona bora afe, na kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo, hilo limeshachunguzwa sana. Shida ni kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, hivi nani atamjibu nesi ukweli? Mi ningefuta hicho kifungu kwanza, mashine za CRP zije baadaye.