Usimwambie Mhariri Kwamba Wimbo Ni Moto

Ilikuwa Alhamisi saa mbili usiku nilipopigiwa simu na kijana mmoja anayepiga ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, kutoka Kondele. "Omera, ngoma inatoka kesho. Nisaidie iingie kwenye pleilisti kubwa." Nikamuuliza kama ameshaiwasilisha kwa wahariri wa Spotify, wale wanaochagua nyimbo za pleilisti za jukwaa lenyewe. Akauliza, wahariri gani?

Simlaumu. Hapa Kisumu tumezoea kumpelekea wimbo mtu mwenye uso: DJ, mtangazaji wa redio, makanga wa matatu yenye spika nzuri. Unampata kijiweni, mnasalimiana, anausikiliza, anautupa au anaucheza. Mhariri wa jukwaa humwoni, na yeye hatakuja Kondele. Unachoweza kumfikishia ni wimbo na fomu fupi, na fomu hiyo ndiyo wengi wetu tunaijaza vibaya.

Kwanza suala la muda. Kwenye Spotify for Artists, ukurasa wa wasanii wa jukwaa hilo, unaoweza kuuombea nafasi ni wimbo ambao bado haujatoka, tena mmoja kwa wakati. Ukishatoka, basi. Anayewasilisha ni mwenye wimbo. Aliyeshirikishwa tu hawezi, kwa hiyo kwenye kolabo kubalianeni mapema nani atafanya kazi hiyo. Ukiwahi siku 7 kabla, wimbo utawekwa kwenye Release Radar, pleilisti ya nyimbo mpya, ya wafuasi wako hata kama mhariri hakuuchagua. Hiyo ni zawadi ya bure, na kijana wangu wa Kondele aliikosa kwa sababu ya Alhamisi.

Mimi hudai wiki tatu, na ikiwezekana nne. Msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo wako kwenye majukwaa, anahitaji siku zake za kukagua, na huku kwetu ukaguzi una kesi yake maarufu: picha ya jalada yenye namba ya simu ya "bookings". Tumeizoea kwenye mabango ya harusi na matanga, lakini majukwaa hayaitaki. Jalada linarudishwa, mchoraji hashiki simu, wiki imekwisha.

Sasa maelezo. Unapewa herufi 500, yaani kama SMS tatu hivi. Mara yangu ya kwanza niliandika kwamba wimbo ni moto wa kuotea mbali, kwamba msanii ana kipaji cha pekee na kwamba Afrika Mashariki nzima inamngoja. Nikajiona mwandishi. Leo nikiyasoma naona haya, kwa sababu sikutaja hata ala moja. Mtu anayepokea maombi kutoka kila pembe ya dunia ameshaambiwa na kila mtu kwamba wimbo wake ni moto. Hajaambiwa orutu ni nini. Hajui kwamba ni fidla yenye uzi mmoja, na kwamba huo uzi unaokwaruzwa ndio unaobeba wimbo wote, wala kwamba maneno ni ya Dholuo, yaani Kijaluo, na yanamsema shemeji aliyekula pesa za chama. Hayo ndiyo ya kumwambia.

Kinachoniuma zaidi ni kile kisanduku cha mtindo. Orodha ya mitindo imeshapangwa, unachagua iliyo karibu. Nawaona vijana wa Nakuru, Kakamega na hapa kwetu wakikimbilia Afropop hata kwa wimbo unaoanza kwa gitaa la benga, muziki wetu wa Kijaluo wa tangu zamani, wakidhani mhariri akisikia "benga" atafikiria wazee. Matokeo yake wimbo unatumwa kushindana na maelfu ya nyimbo zilizotengenezwa Lagos na watu wanaoijua Afropop kuliko sisi. Miaka ya 1970 santuri za benga alizosambaza Oluoch Kanindo zilifika mbali kusini, hata watu wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe wakauita muziki wenyewe "kanindo". Hawakuelewa Dholuo. Jina la msambazaji likawa jina la mtindo! Na sisi, wajukuu wa biashara hiyo, tunaona haya kuandika neno benga kwenye fomu. Kama halimo kwenye orodha, herufi 500 zipo, liandike huko.

Kuna watakaoniambia haya yote ni kupoteza muda, kuna mtu wa WhatsApp anayekuingiza kwenye pleilisti kwa shilingi elfu kadhaa. Nafasi za wahariri wa Spotify haziuzwi. Anachokuuzia ni pleilisti yake mwenyewe, mara nyingi inayosikilizwa na roboti, na usikilizaji wa bandia ukigunduliwa hufutwa, na wimbo wenyewe unaweza kuondolewa. Peleka hizo pesa kwa mpiga nyatiti, kinubi chetu cha Kijaluo.

Mwezi uliopita nilikaa na kijana kutoka Kimilili anayepiga litungu, kinubi cha Wabukusu, juu ya biti nzito. Rasimu yake ilianza hivi: "Mimi ni msanii chipukizi mwenye ndoto kubwa." Tukaifuta. Nikamwambia anieleze wimbo kama ananielezea mimi, nisiyejua Kibukusu. Akasema: litungu alilifundishwa na babu yake, wimbo umetoka kwenye nyimbo zinazoimbwa usiku kabla ya tohara, biti aliitengeneza kwa simu, na wimbo wenyewe ameshaupiga kwenye sherehe Bungoma na Webuye, ambako watu waliomba urudiwe. Tukayaandika hivyohivyo. Herufi zikabaki, tukaongeza tarehe ya video.

Wahariri hawakuuchukua. Wafuasi wake wachache waliupata Ijumaa asubuhi kama ilivyoahidiwa, na yeye Jumamosi akanipigia: wimbo wa pili uko tayari, utatoka baada ya wiki nne, na jalada halina namba ya simu.