Mdai wa Serikali

Ijulikane tu kwamba niliwahi kuikopesha serikali. Hii hii ya Kenya, yenye nembo ya simba wawili. Mwaka 2014 ilikwenda kukopa ughaibuni ikarudi na Eurobondi ya dola bilioni 2. Machi 2017 ikanikumbuka mimi. Iliitwa M-Akiba, bondi ya kununua kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, pesa za miundombinu. Riba asilimia 10 kwa mwaka, kodi haigusi. Nilikuwa na 3,000 za gesi. Nikabonyeza *889#.

"Yaani serikali inakukopa wewe," mke wangu akauliza, "na wewe unakopa unga dukani?"

Nikamwambia fedha za umma zina mambo mengi.

Tangu siku hiyo hata kutembea kulibadilika. Nikiona greda nasimama kando, mikono mgongoni, nakagua. Mtaani kwetu, mbele ya kinyozi, kuna shimo ambalo masika bata wa jirani huhamia humo na watoto wake. Nililitazama shimo lile kama mtu aliyelipia shamba na hajaonyeshwa mpaka. Kwa hesabu zangu, 3,000 ingelifunika robo, upande wa kinyozi. Bata wabaki na upande wao.

Siku moja mvua ikanyesha, kondakta akapandisha nauli. Nikamuuliza, "Kwani unajua unakanyaga lami ya nani?"

Akanishusha. Pale pale kwa bata.

Riba ilikuwa shilingi 150 kila miezi sita, na haikuchelewa. Ujumbe ukiingia nausoma kwa sauti dukani, foleni nzima isikie. Hapo ndipo nilipojiponza. Awamu ya kwanza, ya milioni 150, ilijaa. Iliyofuata serikali ilitafuta bilioni 1 ikaambulia kama robo hivi. Wakenya wenye akili walikuwa wamekaa na pesa zao kimya. Mimi nilikuwa nimeegemea kaunta namweleza mwenye duka yote: miaka mitatu, inaiva Aprili 2020, nalipwa mtaji na riba ya mwisho. Naye akiitikia "eeh, eeh" huku anaandika. Nikadhani anaandika sukari ya watu.

Aprili 2020, corona imetufungia ndani, simu ikalia. 3,150, hata senti haikupungua. Serikali yenye madeni ya matrilioni imenilipa mimi! Nikafungua mlango nivute hewa kidogo, hewa ya mtu asiyedaiwa na asiyedai.

Mwenye duka alikuwa kibarazani, barakoa hadi machoni, daftari kwapani. Akaishusha barakoa kidogo.

"Ni 3,140, Baba Brayo. Kumi inayobaki ni yako."