Afisa ustawi wa jamii apimwe kwa lipi?

Mtoto aliyekutwa akilala stendi kuu ya Moshi akirudishwa kwao Same, taarifa ya robo mwaka inaandika: ameunganishwa na familia. Akionekana tena mwezi unaofuata soko la Mbuyuni akibeba mizigo, akarudishwa tena, anahesabiwa upya. Kwenye makaratasi idara imechapa kazi maradufu. Mtoto ni yuleyule, na njaa ileile.

PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS zilizoanza 2004, unamtaka kila mtumishi aweke majukumu yake na kuonyesha utekelezaji. Wanaotetea kupima kwa idadi ya kesi wana hoja: namba inakaguliwa, na afisa asiyekanyaga mtaani anajulikana. Tena bila namba, kwenye baraza la madiwani utaombea nini bajeti?

Tukisema tupime matokeo badala ya idadi, maafisa wenyewe wanalalamika, na kwa haki, kwamba matokeo hayako mikononi mwao. Shauri la matunzo ya mtoto linategemea mahakama, na baba asitoroke. Mzee anasaidiwa kupata kitambulisho cha matibabu bila malipo, anafika dirisha la dawa anaambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje." Nani akatwe alama hapo? Kuna hatari nyingine ninayoiogopa zaidi: ukipima mafanikio peke yake, afisa mjanja atachagua kesi nyepesi. Atamchukua mtoto ambaye bibi yake anamsubiri mlangoni, amwache aliyezoea kunusa gundi na aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawalinda wote wawili.

Mimi ningepima ufuatiliaji. Mtoto mmoja, jalada moja, hata akirudishwa mara tano. Baada ya miezi sita afisa aulizwe: yuko wapi, anasoma? Akijibu kwamba mtoto amerudi stendi, na akaeleza kwa nini, asikatwe kitu. Jibu hilo lina faida kwa idara kuliko safu nzima ya tarakimu. Akatwe asiyejua.

Ila ufuatiliaji unakula nauli. Moshi hadi Same ni kama kilomita 100, na kwa vijiji vya milimani huko Upareni ongeza bodaboda. Simu kwa mtendaji wa kijiji au mwalimu wa darasa itapunguza safari nyingi, lakini si zote. Mkurugenzi akidai taarifa ya miezi sita bila kutenga fedha hizo, ataletewa taarifa iliyopikwa ofisini, nayo itakuwa na namba nzuri tu.