Jicho halijiumbi lenyewe

Siku hizi hukosi kusikia habari za "jeni la jicho". Jeni lenyewe ni Pax6, na nguvu zake si za kubishia: mwaka 1995 maabara ya Walter Gehring huko Uswisi ililiwasha jeni hilo la panya katika nzi wa matunda, mahali pasipo pake, na macho yakaota miguuni. Habari tamu. Lakini mimi humshuku shujaa anayesifiwa peke yake, na kwenye jicho majirani, yaani tishu zilizo karibu nalo, wananyimwa haki yao.

Tuanze na chura. Mwaka 1901 Mjerumani Hans Spemann alichoma kifuko cha jicho cha kiinitete, yaani kivimbe kinachochomoza kutoka ubongo na kuja kuwa jicho, kabla hakijagusana na ngozi ya kichwa. Upande huo lenzi haikutokea. Ikaonekana kesi imekwisha: kifuko huiamuru ngozi, ngozi hutii. Kumbe chura wa aina nyingine, akifanyiwa yaleyale, lenzi huota tu! Ngozi ile huwa imekwisha kuandaliwa mapema na tishu nyingine jirani, kifuko hakijafika.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba jirani pia hukataza. Kwenye kiinitete cha kuku, eneo pana la ngozi ya kichwa linaweza kuwa lenzi. Linazuiwa na seli zinazohama kutoka ukingoni mwa mrija wa neva (utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo) na kutandaa chini ya ngozi. Mahali kifuko cha jicho kilipobanana na ngozi, seli hizo hazipati pa kupenya, na hapo ndipo lenzi inapopata nafasi. Kifuko nacho hakiachwi kijiamulie: upande unaotazama ngozi husukumwa uwe retina, tabaka linalohisi mwanga, na seli laini zinazokizunguka husaidia sehemu nyingine iwe lile tabaka jeusi la nyuma.

Atakayeona haya ni maneno matupu, amtazame samaki kipofu wa mapango ya Mexico. Jicho lake huanza kuumbwa, kisha lenzi hufa na jicho zima huoza na kuzama ndani. Mwaka 2000 watafiti Yamamoto na Jeffery walimpandikizia kiinitete chake lenzi ya samaki mwenzake wa juu ya ardhi, upande mmoja tu. Upande huo jicho likakua, likawa na mboni na konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Wa pili ukabaki bapa. Jeni za samaki zilikuwa zilezile pande zote mbili.

Najua nitakavyojibiwa: mwaka 2011 kikundi cha Yoshiki Sasai, Japani, kilikuza seli shina za panya (seli changa zinazoweza kuwa seli za aina nyingi) zikajikunja zenyewe kuwa kikombe cha jicho, umbo ambalo kifuko hulipata kikijikunja, bila lenzi wala ngozi. Sibishi. Ila seli hizo zililelewa ndani ya mchanganyiko wenye protini za aina inayozizunguka tishu mwilini, na kilichopatikana ni kikombe cha retina, si jicho zima.