Kinacholala chini ya nyasi bandia

Nina miaka kadhaa sasa nikiishi ugenini, katika nyumba ambayo ua wake wa nyuma tuliugeuza kuwa uwanja mdogo wa michezo kwa kutandika nyasi bandia. Kila ninapotuma nyumbani picha za watoto wakicheza humo, swali linalorudi ni lilelile: je, kapeti hilo linaweza kusafirishwa? Linaweza, lakini naona tunatamani kitu kisichostahili kutamaniwa kwanza, kwa kuwa kinachofaa kuigwa kutoka huku ni kazi inayofanywa kabla nyasi zenyewe hazijafika.

Sisi tulikulia kwenye uwanja wa udongo ambao hakuna aliyeujenga. Ulisawazishwa na nyayo zetu, na hata mvua iliponyesha asubuhi, jua la mchana liliurudishia ugumu wake kabla ya jioni. Huku baridi na manyunyu hudumu kwa miezi, ardhi haikauki, nyasi za kuota huchanika na kuwa tope, na mtoto asiyekuwa na mahali pakavu pa kukimbia hushinda ndani. Katika hali ya namna hiyo nyasi bandia ni msaada mkubwa, nami nazitetea bila kusita.

Hata hivyo, hazikutufaa tangu mwanzo. Fundi wa kwanza alikwangua majani, akamwaga tabaka jembamba la mchanga juu ya udongo wa mfinyanzi, akatandika kapeti na kuondoka siku ileile. Mvua zilipoanza, kona moja ikawa inabonyea kila ulipoikanyaga, na maji yakichuruzika kati ya nyuzi kama sifongo inayokamuliwa. Tulipolifunua kapeti tulikuta mchanga wote umemezwa na udongo, na alama za visigino vyetu zimejichora kwenye tope lililokuwa limefunikwa muda wote huo. Fundi wa pili alianza upya. Alichimba kina cha karibu sentimita 15, akatandaza kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike na mawe, akajaza kokoto kwa tabaka na kuishindilia kila moja kwa mashine, kisha akamalizia kwa vumbi la mawe alilolisawazisha kwa ubao mrefu, huku akiacha mteremko wa takriban sentimita moja kwa kila mita ili maji yajue pa kwenda. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na kutandika nyasi, kuunganisha vipande kwa utepe na gundi, na kufagilia mchanga wa silika kati ya nyuzi ili zisimame na kapeti lisihame, kulichukua siku moja tu. Tangu wakati huo kona ile haijatuama maji.

Jua ni jambo jingine, na hapa ndipo ugenini na nyumbani vinapoachana kabisa. Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, ambao ulikuwa umeezekwa. Nyasi halisi zilikufa humo baada ya paa lililopitisha mwanga kupakwa rangi ili wachezaji wasiumizwe macho na mng'ao. Yaani zilisifika kwanza mahali pasipofikiwa na jua. Plastiki hainyonyi maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kama jani linavyofanya, kwa hiyo haina njia ya kujipoza, na chini ya jua kali uso wake unaweza kupita nyuzijoto 60. Nilipokwenda nyumbani likizo niliona ua uliotandikwa nyasi hizi pasipo kivuli chochote. Saa saba mchana mtoto alivua viatu, akapiga hatua tatu, akarudi mbio kwenye baraza akiwa ameshika wayo. Tulimwaga maji, pakapoa, lakini muda si mrefu pakawaka tena. Udongo ule tuliouona duni haukuwahi kumfukuza mtoto namna hiyo.

Kuna pia zile chembe nyeusi za mpira, nyingi zikitokana na matairi yaliyosagwa, ambazo hujazwa katika viwanja vya nyuzi ndefu. Hazikai mahali pake: huingia kwenye soksi na huchukuliwa na maji ya mvua. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayopiga marufuku kuuzwa kwa chembe za plastiki na mpira za aina hiyo kuanzia Oktoba 2031. Sisi wenye mvua za kumwagika kwa saa moja na kusomba kila kitu tuna sababu kubwa zaidi ya kuziepuka, na kwa uwanja wa nyumbani nyuzi fupi na mchanga vinatosha.

Mdogo wangu ndiye aliyeniomba kapeti mara ya mwisho. Nilimwomba kwanza achimbe shimo la sentimita 30 katikati ya ua, alijaze maji, ayaache yanywee, kisha alijaze tena kesho yake na kutazama yanachukua muda gani kuzama. Jana jioni alinitumia picha. Maji aliyoyamwaga asubuhi yalikuwa bado yamo, yamefika nusu ya shimo, na kando yake amekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba kuonyesha mteremko utaelekea upande gani.